Friji, transfoma na albamu zinazovuma

Jumapili moja jioni mama mwenye nyumba alinigongea mlango. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku akichungulia ndani juu ya bega langu.

"Mwanangu, hilo friji lako lina nini leo? Tangu saa kumi linanguruma. Lisije likaungua na nyumba yangu."

"Si friji mama, ni muziki."

Akatega sikio. Alisikiliza kama sekunde 10 hivi, muda mrefu kuliko wanaonipa rafiki zangu wengi. "Muziki," akarudia, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa bei na anajizuia asicheke. Kisha akasema, "Haya. Punguza basi, maana hata ukuta wangu unatetemeka."

Kilichokuwa kinapigwa ni Natur, albamu ya mwaka 2024 ya Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi anayejulikana kisanii kama KMRU. Ni kipande kimoja tu cha takriban dakika 50. Hakina ngoma, hakina mwimbaji wala kiitikio. Kinavuma, kinakwaruza, kinavuma tena. Sikumwambia mama mwenye nyumba kwamba alikuwa ameukaribia ukweli kuliko programu ya simu iliyoniletea albamu hiyo. Programu ile ilikuwa imeipanga kwenye orodha ya nyimbo za kukusaidia kulala.

Nina ugomvi na orodha hizo. Ukitafuta leo muziki wa aina hii utaukuta umetupwa kapu moja na sauti za mvua, za feni na za mawimbi ya bahari, chini ya vichwa vya habari vya usingizi, kutuliza akili na kusomea mitihani. Mimi nauita muziki wa mvumo, kwa sababu Kiswahili hakihitaji kuazima hapa. Upepo unavuma, bahari inavuma, nyuki wanavuma, na mtu akipata jina tunasema anavuma. Wahenga walituambia ngoma ivumayo haidumu. Hawa jamaa wa mvumo wamekaa zaidi ya miaka 60 wakitengeneza ngoma ambayo kuvuma na kudumu kwake ni kitu kimoja, na malipo yao ni kuwekwa rafu moja na dawa za usingizi. Nasema muziki huu unadai sikio kuliko dansi, kuliko taarabu, kuliko singeli. Singeli inakushika shati na kukuvuta uwanjani upende usipende. Huu haukugusi. Usipoufuata wewe mwenyewe, umeukosa, na utaapa kwamba hakukuwa na kitu.

Mkanganyiko una chanzo chake. Mwanzoni mwa mwaka 1975 Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza, alikuwa kitandani London, amegongwa na gari, hajiwezi. Rafiki yake akamletea rekodi ya kinubi ya karne ya 18. Eno akajikongoja, akaiweka, akarudi kulala, ndipo akagundua kwamba sauti iko chini mno na spika moja haifanyi kazi. Nje mvua inanyesha. Nguvu za kuinuka tena hana. Akasikiliza hivyohivyo, noti chache zenye nguvu zikipenya kwenye mvua na nyingine zikizama. Mwaka huohuo akatoa Discreet Music, na miaka michache baadaye akatoa Ambient 1: Music for Airports, ambayo katika maelezo yake alisema muziki wa namna hiyo uwe unaweza kupuuzwa kwa kiasi kilekile unachoweza kuvutia. Kauli ile ina pande mbili. Biashara ya muziki ilichukua upande wa kupuuzwa ikaondoka nao mbio, na haijarudi kuuchukua wa pili.

Simlaumu Eno. Albamu ile ya viwanja vya ndege naipenda hata leo, na tabia yake ya kukubali kuachwa pembeni ni ya heshima. Ila kuna ukoo mwingine kabisa wa mvumo, haukuzaliwa kitandani, na ndio unaoonewa zaidi.

Mtunzi La Monte Young alizaliwa mwaka 1935 katika nyumba ya magogo huko Bern, Idaho, kijiji cha watu wachache magharibi mwa Marekani. Amesimulia mara nyingi kwamba kati ya sauti za kwanza anazozikumbuka ni upepo ukipita kwenye mianya ya magogo, na mlio wa nyaya na transfoma za umeme. Mwaka 1960 aliandika utunzi wenye noti mbili tu, B na F shapu, na agizo moja: zishikiliwe kwa muda mrefu. Hakuna zaidi. Miaka michache baadaye, New York, yeye na wenzake walikuwa wakilinganisha ala na sauti zao na mlio wa mota ya tangi la kobe aliyekuwa akimfuga.

Msomaji atacheka hapa, na mimi nilicheka. Halafu nikapiga hesabu. Umeme wa Marekani huenda mizunguko 60 kwa sekunde, na vifaa vyake huvuma kwa mitetemo 60, au mara nyingi zaidi maradufu yake, 120, ambayo inaangukia karibu katikati ya B flati na B, ile B ya utunzi wa mwaka 1960. Umeme wetu huku unaenda 50. Kwa hiyo transfoma ya mtaani, friji, taa ya tyubu iliyochoka, vyote huvuma kwa 100, juu kidogo ya noti ya G. Usiku nilitoka na tyuna ya gitaa, kile kipimo cha noti, kwenye simu, nikasimama chini ya nguzo yenye transfoma iliyo mkabala na duka la Mangi. Mshale ukatulia upande wa kulia wa G, yaani juu yake kidogo, kama hesabu ilivyosema. Vijana wa bodaboda walioegesha pale wakaniuliza kama nimekuja kumkatia mtu umeme.

Tangu mwaka 1993 Young na mkewe Marian Zazeela, aliyefariki mwaka 2024, wamekuwa na chumba chao namba 275 Church Street, New York, wanachokiita Dream House. Humo sauti za kielektroniki zinashikiliwa saa nyingi bila kubadilika, chini ya taa za zambarau. Wanaoingia hurudi na habari ileile: ukisimama tuli, sauti imesimama, ukigeuza kichwa, imegeuka, ukitembea hatua mbili, kuna noti imezama na nyingine imechomoza.

Si uchawi, na yeyote aliyewahi kufunga spika ukumbini analijua jambo hili hata kama hajawahi kulisemea. Mimi nilibeba spika za harusi miaka minne. Sauti nzito ikigonga ukuta hurudi, na inaporudi hukutana na nyingine inayokuja. Mahali fulani zinaongezana, mahali pengine zinafutana. Ndiyo maana katika ukumbi mmoja besi inaweza kuwa imepotea kabisa pale katikati wanapocheza vijana, na imejazana kwenye kona walikokalishwa wazee, ambao watamwita msimamizi kulalamika. Fundi mitambo mgeni atapunguza besi. Mzoefu atasogeza spika. Muziki wa kawaida unabadilika upesi mno, huwezi kuyaona haya. Mvumo unasimama mahali pamoja hadi chumba chenyewe kionekane. Kwa hiyo anayesema "mbona hakuna kinachotokea" namwomba jambo moja kabla hatujabishana: ainuke kwenye kiti, azunguke chumba.

Namna ya pili ambayo mvumo husogea wapiga gitaa wanaijua vidoleni. Ukilinganisha nyuzi mbili, zikiwa bado hazijakubaliana unasikia sauti inapwita, wa-wa-wa. Zikikaribiana, kupwita kunapungua, hadi kunaisha. Mlio wa mitetemo 100 na mwingine wa 101 vikilia pamoja hupwita mara moja kila sekunde. Fundi wa gitaa anatafuta namna ya kuua huo mpwito. Mtunzi wa mvumo anauacha hai, anauchelewesha, anaujengea nyumba.

Hakuna aliyeijenga nyumba hiyo vizuri kuliko mtunzi Mfaransa Éliane Radigue.

Alizaliwa Paris mwaka 1932. Miaka ya 1950 aliishi Nice, mama mwenye watoto wadogo, karibu na uwanja wa ndege, akawa anasikiliza ndege zikipita na kuzitofautisha. Alijifunza kwa Pierre Schaeffer na Pierre Henry, mabwana wa muziki wa tepu Ufaransa, ule unaoundwa kwa kuunganisha sauti zilizorekodiwa, na baadaye akawa msaidizi wa Henry. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kutengeneza kazi zake mwenyewe kutokana na kitu ambacho sisi wa spika tunakiogopa kama moto: ule mlio unaotokea maiki ikisogezwa karibu na spika. Kwetu ni aibu, bibi harusi anaziba masikio. Radigue aligundua kwamba kuna upenyo mwembamba kati ya ukimya na kelele, ambapo mlio huo unakuwa hai na unaweza kuongozwa, mradi mkono usitetemeke. Nimejaribu. Unapata sekunde tatu za kitu kizuri ajabu, kisha kinakulipukia.

Miaka ya mwanzo ya 1970 alinunua sintesaiza ya ARP 2500, mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme, yenye ukubwa wa kabati, akaivusha kutoka New York hadi Paris na kuiacha kibodi yake hukohuko Marekani. Kwa zaidi ya miaka 25 akafanya kazi karibu na mashine hiyo peke yake. Kazi yake kubwa, Trilogie de la Mort, ina sehemu tatu, Kyema, Kailasha na Koumé, zilizokamilika kati ya mwaka 1988 na 1993. Zote pamoja zinakaribia saa tatu. Kyema inatokana na mafundisho ya Kibuda ya Tibet kuhusu hali anazopitia mtu kati ya kufa na kuzaliwa tena. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1989, mwanawe Yves alifariki kwa ajali ya gari.

Kyema nimeisikiliza mara nyingi, lakini mara mbili niliisikiliza kwa karatasi na kalamu. Taa nimezima, spika mbili kubwa, saa ya ukutani naiona kwa mwanga wa dirishani. Kanuni niliyojiwekea ilikuwa rahisi: kila nikisikia badiliko, niandike dakika. Mwanzo unaingia kama maji yanayopanda ufukweni usiku. Hujui yamefika mpaka miguu ilowe. Kuna mvumo mnene chini, na ndani yake mpwito wa polepole kama mashua iliyofungwa gatini inavyoinuka na kushuka. Juu kabisa, mara kwa mara, kuna kitu kinachofanana na kengele ya mbali, na sina hakika kama kinapigwa au sikio langu linakitengeneza kutokana na mengine. Mwisho wa saa nzima nilikuwa na alama tisa. Wiki iliyofuata nikarudia, karatasi mpya: alama 14. Nilipolinganisha, mbili tu ndizo zilizoangukia dakika zilezile.

Niliikalia karatasi ile muda mrefu. Maana yake ni kwamba sikuwa nimeandika mahali ambapo muziki unabadilika. Niliandika mahali ambapo mimi niliamka. Muziki ulikuwa unabadilika wakati wote, taratibu kuliko uwezo wangu wa kuushika, kama jua la saa kumi na moja jioni ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona likishuka, kila mtu amekuta limeshuka.

Tangu hapo nina kipimo cha kutenganisha mvumo mzuri na mbaya, na kipimo kinahitajika, maana mbaya ni mwingi. Kwa kompyuta mtu yeyote anaweza kubana noti mbili, akamwaga mwangwi juu yake, akaiita kazi jina la milima ya barafu na kuipandisha mtandaoni kabla chai haijapoa. Naruka dakika kumi mbele. Nikikuta sauti ni ileile, mtunzi alikuwa amelala. Nikikuta imebadilika na naweza kutaja ilipobadilika, sawa, ni muziki wa kawaida uliopunguzwa mwendo. Nikikuta imebadilika kabisa na siwezi kusema lini, hapo nanyoosha mgongo. Radigue hupita kipimo hicho karibu kila mara. Wengi wa wanaomwiga hukwama kwenye swali la kwanza.

Baada ya mashine, katika miaka ya 2000, alihamia kwa wapigaji wa ala za mkononi, na mfululizo wake wa Occam Ocean, ulioanza mwaka 2011, haukuandikwa kwenye karatasi. Mpigaji alikwenda kwake, wakakaa, wakazungumza, wakasikilizana, na kazi ikahama kwa mdomo. Mwanamke aliyeishi na nyaya maisha yake yote akaishia kurithisha kazi kama wanavyorithishana wapiga zumari.

William Basinski, mtunzi wa Marekani ambaye jina lake hutangulia kila mara mada hii ikitajwa, ananipa tabu kidogo. Kisa chake mnakijua au mtakisikia: kiangazi cha mwaka 2001, Brooklyn, anahamisha kwenye kompyuta vitanzi vya tepu, yaani vipande vilivyounganishwa ncha kwa ncha vijirudie, alivyorekodi miaka ya 1980. Tepu zimezeeka. Kila kitanzi kikizunguka, unga wa oksidi unabanduka kwenye plastiki, na kila mzunguko sauti inapungua kidogo, huku yeye akirekodi kifo hicho mwanzo hadi mwisho. Kisha ikaja Septemba 11, siku magaidi walipoiangusha minara miwili ya New York. Akasimama juu ya paa la nyumba akirekodi video ya moshi wa jioni ile, na picha za moshi huo ndizo zikawa majalada ya The Disintegration Loops.

Ni kisa kizito, na uzito wake umeziba masikio ya watu. Wanasikiliza minara, hawasikilizi tepu. Ilhali tepu zilikuwa zinakufa kabla ya siku ile, kifo cha kawaida, cha kila siku, kinachofahamika na fundi yeyote aliyewahi kushughulikia rili, yale magurudumu ya tepu za zamani za redio. Unazungusha rili moja ya hotuba au ya bendi, na ukimaliza kichwa cha mashine kimejaa unga wa kahawia. Unachukua pamba na spiriti, unafuta, na unajua kwamba kilicho kwenye pamba ni sauti ya mtu. Sikiliza kipande cha kwanza cha Basinski, cha saa moja na kidogo, bila kuangalia jalada. Kinachoondoka kwanza si noti. Ni ukamilifu wa noti: inaanza kuwa na tundu, tundu linapanuka, na hadi robo ya mwisho unasikiliza zaidi matundu kuliko kitambaa. Hiyo ni kazi kubwa, na ingekuwa kubwa hata kama mwezi ule wa Septemba usingeleta kitu.

Pauline Oliveros, mtunzi mwingine wa Marekani, nimtaje kwa haraka, kwa sababu ya wivu wa kikazi. Mwaka 1988 yeye na wenzake wawili waliteremka na akodiani, tromboni na sauti zao kwenye tangi la maji tupu chini ya ardhi huko Fort Worden, jimbo la Washington. Tangi lilijengwa kubeba galoni milioni 2. Mwangwi wake unachukua sekunde 45 kufa. Fundi mitambo akisikia sekunde 45 anatafuta pa kukaa. Ukumbi wenye mwangwi wa sekunde nne tu mshereheshaji hasikiki anachosema. Wao wakakaa humo wakapiga, wakitoa noti na kungoja tangi liwajibu, na albamu iliyotoka mwaka uliofuata wakaiita Deep Listening. Jina lilikuwa na utani wa kina cha tangi. Baadaye Oliveros akalifanya somo zima la kusikiliza.

Narudi kwa kijana wa Nairobi. Babu yake, Joseph Kamaru, alikuwa mmoja wa wanamuziki wakubwa wa Kikuyu, mtu wa nyimbo zilizowaumiza vichwa wanasiasa, na alifariki mwaka 2018. Mjukuu ana jina lilelile, kwa hiyo akaondoa zile a mbili. Ndiye pia aliyejitwika kazi ya kuzitoa upya rekodi za babu mtandaoni. Watu huuliza alikopotelea, kutoka kwa babu mwenye maneno makali hadi kwa mjukuu asiye na neno hata moja. Sidhani kama amepotea. Babu alisikiliza nchi ilikuwa inasema nini. Mjukuu anasikiliza nchi inalia vipi, akiwa na kinasa sauti mkononi.

Albamu iliyomtambulisha duniani ni Peel, iliyotolewa mwaka 2020 na Editions Mego, lebo ya Vienna. Jina lake ni kumenya, na inamenya kweli: kuna mchakacho wa mazingira juu, unaondoka, chini yake mvumo, nao unaondoka, chini yake mwingine. Mwaka 2022 akatoa Temporary Stored, aliyoitengeneza kwa sauti za hifadhi ya Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, rekodi zilizokusanywa kwetu na kukaa kwao. Naiheshimu kuliko ninavyoipenda. Wazo lake ni kali, lakini kuna nyakati ambapo sauti za watu wale, wengi bila majina, zinayeyushwa kwenye mvumo upesi mno, na mimi nilitaka kukaa nazo kwanza kabla hazijawa ukungu. Pengine alikusudia kunikera. Kama ndivyo, amefaulu.

Natur ndiyo kubwa. Kamaru alipohamia Berlin kusoma alishtushwa na ukimya wa usiku wake. Nairobi usiku haunyamazi: kuna wadudu, kuna watu, na juu ya vichwa kuna nyaya na transfoma zinazovuma. Berlin nayo ina umeme, tena wa mizunguko 50 kama wetu, ila nyaya zake zimezikwa. Akachukua vipaza sauti vinavyonasa uga wa sumaku wa vifaa vya umeme, ambavyo hufanya sikio lisikie kinachopita ndani ya ukuta, ndani ya simu, ndani ya treni, na akavikutanisha na sauti za viumbe na upepo. Matokeo yake hayalazi mtu. Kuna mikwaruzo humo, milio myembamba kama mbu ndani ya chandarua, na kuna sehemu ambapo unasikia kitu na huwezi kuapa kama ni nyenje au ni mashine. Anayeiweka hii kwenye orodha ya usingizi hakuisikiliza hata dakika tano.

Mtu ataniambia: ndugu, nani ana saa nzima, na nani ana ukimya? Mimi naishi uswahilini, ukuta kwa ukuta, huku kuna mashine ya kusaga, kule kuna jirani na kwaya. Nalielewa swali, ila lina dhana ndani yake, kwamba muziki huu uliandikiwa watu wenye vyumba vya kimya. Radigue alijifunzia chini ya ndege. Young alijifunzia chini ya transfoma. Kamaru alijifunzia Nairobi. Ukimya si sharti. Sharti ni saa, na hiyo tunayo. Mechi ya mpira ni dakika 90 na hakuna anayeomba muhtasari ikiwa inachezwa.

Kinachohitajika kweli ni spika, na hapa sibembelezi. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti nzito. Ni ndogo mno, haina kifua. Ukisikiliza Kyema kwa spika ya simu umesikia povu, bahari hukuisikia. Hedifoni za kufunika sikio zinafaa, lakini zinakunyima chumba, na chumba ni nusu ya ala. Redio kubwa ya mzee iliyofunikwa kitambaa sebuleni itafanya kazi kuliko vyote hivyo. Sauti iwe ya kiasi, usiifunge chini kama Eno wala usiipandishe kama harusi. Na simu iwe chumba kingine.

Jumapili ile, mama mwenye nyumba alipoondoka, nilipunguza kidogo, nikaketi, nikaendelea na Natur. Ilikuwa imefika sehemu ninayoipenda, theluthi ya mwisho hivi, ambapo chini ya milio yote kuna mvumo mmoja mnene, mpana, usioyumba, umeshikilia kila kitu kama sakafu. Nilikuwa tayari nimeandika kwenye daftari sentensi nzima ya kuusifu, jinsi msanii alivyokuwa na subira ya kutougusa. Kisha jikoni kukasikika mtikisiko mdogo, chupa zikagongana, na ile sakafu ikaondoka yote kwa mara moja. Albamu ilikuwa bado inaendelea. Friji lilikuwa limezima.